Kama mimi ndo Brahman, puja namfanyia nani?

SWALI: Namaste Swamiji. Kila asubuhi nawasha diya, taa ndogo ya ibada, namfanyia Mungu Krishna puja, yaani ibada ya maua na maombi, halafu japa mala moja, narudia jina lake nikihesabu kwa shanga. Sasa nimeanza kusoma Advaita, falsafa ya Kihindu ya umoja wa vyote, nakuta Atman, nafsi ya ndani, ndo Brahman, uhalisi mmoja wa vyote, hakuna wawili, na tangu hapo nikikaa mbele ya murti, sanamu yake, naona kama naigiza. Juzi mtoto kamwaga samli nikamfokea mpaka akalia, nikabaki najicheka, Brahman gani huyu anayegombania samli. Niache puja nibaki na kutafakari tu?

JIBU: Namaste mwanangu. Usiache. Na hiyo samli ndo imenifurahisha, manake wengi wakishasoma kurasa mbili wanatangaza hakuna wawili ila ukiwakanyaga kiatu unawaona wawili fasta.

Shankara mwenyewe, mwalimu mkuu wa Advaita, hakuficha, alisema matendo hayaleti moksha, yaani ukombozi, ujinga unaondolewa na maarifa tu kama giza linavyoondolewa na taa, lakini hapohapo anasema matendo na ibada vinasafisha akili, na akili chafu hata uimwagie Upanishadi zote, vile vitabu vitakatifu vya Kihindu, haishiki kitu. Kwahiyo puja yako haikutengenezi uwe Brahman, inasugua sufuria.

Kwenye Chandogya, mojawapo ya Upanishadi hizo, Uddalaka alimwambia mwanae Shvetaketu atie chumvi kwenye maji alale, asubuhi akamwambia nipe ile chumvi, kijana anapapasa haioni, akaambiwa onja juu, chumvi, onja katikati, chumvi, onja chini, chumvi. Ndo akamwambia tat tvam asi, wewe ndo hiyo, yaani hiyo Brahman iliyomo kote bila kuonekana. Ona hapo, baba hakumpa maneno matupu, kamwonjesha kwanza. We umesoma habari za chumvi, hujaonja bado, na sio kosa.

Halafu mcheki Ramana Maharshi, mtakatifu wa India Kusini, alifika Tiruvannamalai, mji ulio chini ya mlima Arunachala, mwaka 1896 akiwa kijana wa miaka 16 akakaa hapo hapo mpaka anafariki 1950, mtu wa kujiuliza "mimi ni nani" kuliko wote, lakini huyohuyo akautungia mlima Arunachala wimbo wa mapenzi wenye beti 108, analia kama bibi harusi anamlilia mume. Alikuwa anaigiza? Mi sidhani. Yeye alisema hilo swali la mimi ni nani ni kama kijiti cha kuchochea moto wa kuchomea maiti, kinachoma mawazo mengine yote na mwisho chenyewe kinaungua. Sa we unataka kutupa kuni, yaani puja, na moto hujauwasha.

Fanya hivi. Washa diya kama kawaida, mpe Krishna maua yake, maliza mala, ila ukifika ushanga wa mwisho usinyanyuke haraka kwenda jikoni, kaa kidogo ujiulize, nani alikuwa anahesabu? Usijibu kwa maneno, likija jibu la kitabuni liache lipite. Na mtoto akimwaga tena samli, kabla hujafoka uliza hivyohivyo, nani kakasirika? Utachelewa mara nyingi, utauliza ukishafoka, sawa tu, uliza hata baadae, halafu nenda kamwombe mtoto msamaha.