Mkopo wa HESLB: shughulikia vyeti kabla dirisha halijafunguliwa

Wadogo zangu mliomaliza kidato cha sita, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu (HESLB) haikupi mkopo kwa sababu tu nyumbani hali ni ngumu. Inakupa pale ugumu huo unapokuwa na karatasi. Nimesoma chuo kwa mkopo huo, na tangu hapo nimesaidia vijana wa mtaani kwetu kujaza maombi. Wanaokwama, wengi hukwama kwenye vyeti.

Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe na RITA, wakala wa serikali unaosajili vizazi na vifo, au mwenzake ZCSRA kwa waliozaliwa Zanzibar. Uhakiki unaombwa mtandaoni na majibu huchukua muda, hasa dirisha la maombi likishafunguliwa na kila mtu anapeleka chake. Omba sasa hivi, ukiwa bado unasubiri matokeo.

Yatima ndio wananiuma zaidi. Binti mmoja niliyemsaidia alifiwa na baba akiwa shule ya msingi. Mtaa mzima ulishiriki msiba ule, mwenyekiti anaujua, lakini familia ilibaki na kibali cha mazishi tu. Kifo chenyewe hakikuwahi kusajiliwa. Bila cheti cha kifo kilichohakikiwa, kwenye mfumo hakuwa yatima. Mama yake akaanza kwenda na kurudi ofisi ya wilaya huku siku za maombi zinakatika. Kama mzazi wako ametangulia mbele ya haki, anza na hilo kabla ya lingine lolote.

Kaya yenu ipo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini? Tafuteni namba ya kaya. Una ulemavu, au mzazi anao? Fomu ithibitishwe na mganga mkuu wa wilaya au mkoa. Uliyesomeshwa na mfadhili, omba barua yake.

Angalia na majina. OLAMS, mfumo wa mtandaoni wa kuombea mkopo, inakutambua kwa namba yako ya mtihani wa kidato cha nne, kwa hiyo kama cheti cha kuzaliwa kinasema Saidi na cha shule kinasema Said, muone wakili mapema.

Fomu ikishachapwa, ipitie ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuipakia: sahihi yako, ya mdhamini, muhuri wa serikali ya mtaa, wa kamishna wa viapo. Ukikosekana mmoja, maombi hayajakamilika.

Awamu ya kwanza ikitoka na jina lako halimo, usikate tamaa. Zipo awamu nyingine, na baadaye dirisha la rufaa. Ila rufaa ya kueleza shida tu haisaidii. Ipeleke na cheti ambacho mara ya kwanza hukuwa nacho.