Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Ile Kozi ya Usanifu wa Kompyuta

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata na nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unaniuliza kama usome usanifu wa kompyuta, yaani jinsi mashine ilivyopangwa na inavyofanya kazi ndani, mtandaoni likizo hii ya kiangazi, kwa watu wasio wa chuo chako, kwa bei ambayo ni sehemu ndogo tu ya ada ambayo chuo kingekutoza kwa krediti (vipimo vya uzito wa somo) hizo hizo tatu, kisha uombe zihamishiwe kwenye shahada yako. Unaniuliza pia kama kusoma kwa bei rahisi si kujidanganya. Swali la kwanza nalijibu ndiyo, kwa sharti moja ambalo sitalilegeza. La pili nitalijibu kwa kukusimulia aibu yangu mwenyewe, kwa sababu somo hilo nililifaulu zamani bila kulijua.

Sharti lenyewe ni hili: usilipe hata senti moja kabla hujapata maandishi ya ofisi ya msajili wa chuo chako yanayosema kwamba kozi hiyo, kwa jina lake na namba yake, itahesabiwa mahali pa somo la lazima la usanifu wa kompyuta katika mtaala wako. Kukubaliwa kwa krediti ni jambo moja, na kuhesabiwa mahali unapotaka zihesabiwe ni jambo jingine. Chuo kinaweza kuzipokea krediti zako zote tatu kwa mikono miwili, kikaziweka kwenye masomo ya hiari, nawe ukabaki unadaiwa somo lile lile ulilodhani umelimaliza.

Hayo yalinipata. Nilikuwa nikifanya kazi mchana na kusoma jioni, nikaona mahali pengine panafundisha somo hilo kwa nusu ya ada, na mwalimu mmoja wa chuo changu, tuliyekutana ukumbini akiwa na haraka zake, akaniambia, "Hilo halina shida, litahesabiwa." Nilimwamini, nikalipa, nikasoma, nikafaulu. Nilipopeleka matokeo, karani aliyapiga muhuri mbele yangu na kuandika pembeni kwa kalamu nyekundu neno moja tu: hiari. Ilibidi nilisome upya pale chuoni, kwa ada kamili. Sikukasirika kwa sababu ya fedha peke yake, bali kwa sababu sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha yule karani.

Ukurasa ulionitumia unasema kozi hiyo "imependekezwa kwa krediti tatu" na Baraza la Elimu la Marekani, lile linaloitwa kwa kifupi ACE. Baraza hilo ni la kweli na ni la zamani, limekuwapo tangu mwaka 1918, na wataalamu wake huyapitia mafunzo yanayotolewa nje ya vyuo na kusema yanastahili krediti ngapi na za ngazi gani. Lakini ACE ni mshenga tu, mwanangu. Husifu, huleta posa, huapa kwamba kijana ni mwema, lakini mwenye binti ndiye anayeamua, na mwenye binti hapa ni chuo chako. Kwa hiyo unapomwandikia msajili, mwambie pendekezo la ACE ni la ngazi gani, kwa kuwa vyuo vingi hutofautisha masomo ya miaka miwili ya mwanzo na yale ya miaka ya juu, na somo hili mara nyingi hukaa mpakani. Angalia vilevile tarehe za pendekezo, maana kila pendekezo lina muda wake, na aliyemaliza kozi nje ya muda huo hana cha kudai. Uliza ni krediti ngapi kati ya 120, au zozote zile ambazo shahada yako inadai, ambazo ni lazima zipatikane chuoni penyewe, ili usije ukagundua mwaka wa mwisho kwamba umekwisha kuvuka kiwango cha kuhamisha. Tena ujue kwamba krediti za kuhamishwa kwa kawaida huingia bila alama, kwa hiyo hata ukipata maksi za juu kabisa hazitakuokolea wastani uliouumiza mwenyewe mwaka wa kwanza. (Sikusemi, nakumbusha.)

Ambatisha silabasi nzima, si ukurasa wa matangazo. Anayeamua kwa kweli mara nyingi si msajili bali mkuu wa idara au mhadhiri wa somo, naye atataka kuona kama mada zinalingana na zake, na kama somo la kwao lina maabara ambayo la mtandaoni halina. Mtihani wa mwisho nao uwe wa kusimamiwa, hata kama ni kwa kamera, kwa sababu krediti zisizo na mtihani unaosimamiwa zina maadui wengi.

Kuna jambo moja ambalo hukuliuliza, nami nalitaja kwa kuwa wewe uko huko Marekani kwa viza ya F-1, ile ya wanafunzi. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inamtaka mwanafunzi wa shahada ya kwanza asome mzigo kamili, krediti zisizopungua 12 kwa muhula, na katika mzigo huo ni somo moja tu la mtandaoni, au krediti 3, linaloruhusiwa kuhesabiwa. Usije ukapunguza masomo ya darasani muhula wa vuli kwa hoja kwamba "hilo jingine nalisoma mtandaoni." Kiangazi hakina tatizo hilo, maadamu ndiyo likizo yako ya mwaka na unarudi darasani muhula unaofuata, ndiyo maana wazo lako la kuisoma sasa nimelipenda. Hata hivyo pita kwa afisa wa wanafunzi wa kigeni, mweleze, na jibu lake nalo liwe la maandishi.

Nije kwenye bei. Unafuu wa kozi hizi unategemea sana kasi yako, kwa sababu nyingi hulipiwa kwa mwezi, na anayechukua miezi minne kumaliza amelipa mara nne ya yule aliyemaliza kwa mmoja. Wanaotangaza watakuambia unaweza kumaliza kwa wiki mbili. Mimi napiga hesabu kwa kipimo cha serikali ya huko, kinachosema krediti moja ni saa moja ya darasa na angalau saa mbili za kazi nje ya darasa kila wiki, kwa takriban wiki 15. Krediti tatu basi ni saa 9 kwa wiki, na kwa muhula mzima ni saa 135. Ukisoma saa tatu kila siku bila kuruka siku, ni siku 45. Panga fedha zako kwa miezi miwili, ongeza gharama ya mtihani na ya kutuma matokeo rasmi chuoni kama zinatozwa peke yake, halafu ndipo ulinganishe na ada ya chuo. Nadhani bado utaona nafuu kubwa, lakini itakuwa nafuu uliyoihesabu mwenyewe.

Sasa ile aibu. Niliporudishwa kulisoma somo mara ya pili, nilikuwa na hasira, na madaftari ya mwanzo ninayo. Sikusoma, nilikariri. Nilijua kuandika kwamba mwaka 1945 mwanahisabati John von Neumann alieleza mashine inayoweka programu na data katika kumbukumbu moja, na kwamba mwaka 1964 IBM ilitangaza familia ya kompyuta za System/360, ambayo programu moja iliweza kuendeshwa na mashine ndogo na kubwa za familia hiyo bila kuandikwa upya. Nilichora kache, ile kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo karibu na kichakataji, kwa rula, nikapaka na rangi. Nikafaulu vizuri sana.

Miaka kadhaa baadaye, nikiwa kazini, niliandika programu ya kujumlisha jedwali kubwa la takwimu. Ilianza saa tatu usiku na kumaliza karibu na alfajiri, na kila mwezi nililalamika kwamba mashine ni ya kizamani, wanunue mpya. Kijana mmoja aliyekuja kwa mafunzo ya kazi aliomba kuiangalia. Alisoma kimya, akabadilisha nafasi za mistari miwili, ule wa kuzunguka safu wima na ule wa kuzunguka safu mlalo, akaiendesha tena. Haikumaliza saa moja. Majibu yalikuwa yale yale, tarakimu kwa tarakimu.

Nilichokuwa nimekichora kwa rula ndicho kilichokuwa kikinipiga. Lugha tuliyotumia hulipanga jedwali katika kumbukumbu mlalo baada ya mlalo, na kichakataji kikienda kuchota namba hakirudi na namba moja, hurudi na kifungu kizima cha zile zilizo jirani, ambacho katika vichakataji vingi vya leo ni baiti 64. Namba ya baiti 4 ikitakiwa, nyingine 15 huja nayo bure. Anayesoma kwa mlalo huzitumia zote kumi na sita. Mimi nilikuwa nikishuka kwa safu wima, natumia moja, naruka kwenda kifungu kingine, na nikirudi kuitafuta ya pili nakuta kile cha kwanza kimekwisha kutupwa nje ya kache kupisha vingine. Ni kama mtu anayekwenda kisimani na ndoo, akarudi na kikombe kimoja cha maji, akamwaga yaliyobaki, akaenda tena.

Piga hesabu hii kwa mkono wako, usiisome tu. Chukulia kache inajibu kwa pigo 1 la saa ya kichakataji, na kila inapokosa unapoteza mapigo 100 zaidi kwenda kwenye kumbukumbu kuu. Ikikosa mara 2 katika 100, wastani wa kila ombi ni 1 kujumlisha 0.02 mara 100, yaani mapigo 3. Ikikosa mara 5 katika 100, ni mapigo 6. Kutoka kupata 98 hadi kupata 95 katika mia, ambako mwanafunzi angekuita kushuka kidogo tu, kumeuongeza muda wa kungoja mara mbili.

Kwa hiyo bei haina kosa lolote. Darasa la ada kamili ndilo nililolipita nikiwa sijui kitu. Ninachokutaka ufanye na hiyo kozi ni kuipima kwa mazoezi yake. Kama video zinafuatwa na maswali ya kuchagua jibu tu, ongeza kazi yako mwenyewe. Andika programu ndogo kwa lugha ya asembli, yaani amri za mashine zilizoandikwa kwa maneno mafupi, ya RISC-V, seti ya amri za kichakataji ambayo ilianzia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 2010 na ambayo maelezo yake ni wazi kwa kila mtu. Viigizo vyake, yaani programu za kuiga mashine hiyo, vipo bure, na utaona kwa macho yako kila rejista (kihifadhi kidogo ndani ya kichakataji) inavyobadilika baada ya kila amri. Fuatilia amri moja ikipita hatua zake tano, kuchotwa, kutambuliwa, kutekelezwa, kufika kwenye kumbukumbu, na kuandikwa kwenye rejista, kisha uone kinachotokea amri inayofuata inapohitaji jibu ambalo bado halijaandikwa. Hapo ndipo wengi huchoka, na hapo ndipo usiache. Somo la mifumo endeshi linakungoja muhula ujao, na mhadhiri wake hatakuuliza krediti zako zilitoka wapi. Ataanza na kumbukumbu na rejista kana kwamba umezaliwa nazo.

Silabasi uliyonitumia nimeipitia. Ina namba za jozi (za 0 na 1 tu), ina milango ya mantiki, ina kache, ina hatua za utekelezaji wa amri, ina sheria ya Amdahl ya mwaka 1967 kuhusu mwisho wa faida ya kuharakisha sehemu moja tu ya kazi. Vichakataji vyenye viini vingi, yaani sehemu kadhaa za kukokotoa ndani ya kimoja, vimepewa sura moja fupi, na sikuona neno juu ya udhaifu wa usalama wa vichakataji uitwao Meltdown na Spectre, uliotangazwa Januari 2018, ambao ungefaa sana kuonyesha hatari ya kichakataji kubahatisha njia kabla ya kuwa na hakika. Si upungufu wa kukuzuia. Linganisha tu na silabasi ya idara yako, na kama yao inadai zaidi kuhusu viini vingi, mwulize mhadhiri kabla yeye hajakuuliza wewe.

Mwandikie msajili leo, barua pepe fupi, silabasi na kiungo cha pendekezo la ACE vikiwa ndani, na swali lako liwe moja lisilo na kona: je, itahesabiwa mahali pa somo letu la lazima? Wakikujibu "inawezekana" au "kwa kawaida", waandikie tena. Jibu likija nitumie kama lilivyo, nami nitakutumia nusu ya gharama siku hiyo hiyo. Nusu nyingine uitoe wewe, ili usilale.

Wakati unangoja, chukua karatasi, andika -5 kwa biti 8 (tarakimu nane za 0 au 1) kwa njia ya kugeuza biti zote na kuongeza moja. Ukimaliza, fanya hivyo hivyo kwa -128, uigeuze iwe chanya, kisha unipigie picha karatasi hiyo na kuniambia umepata nini na kwa nini. Baba yako amejaribu, na anasema karatasi imekosea.

Ni mimi mama yako.