"Shangazi, mume wangu hana roho ya ushindi"

Shangazi, shikamoo. Nimeolewa miaka 11 na tuna watoto watatu. Sote wawili tumeokoka, ila mume wangu hana roho ya ushindi. Neno linasema tutakuwa kichwa wala si mkia, lakini yeye amebaki karani wa stoo miaka yote. Mwaka juzi walitaka kumpandisha cheo akakataa kwa uoga. Mwenzake aliyekichukua alisaini tu zile karatasi, na leo ana gari na anajenga. Kwenye kikundi chetu cha maombi wenzangu wanasimama kushuhudia, mimi sina la kusema. Tulitabiriwa kuwa huu ni mwaka wa kuvuka, nikapanda mbegu kubwa, yaani sadaka, kwa imani, sasa ananinunia kwa sababu ya mkopo. Mshahara wenyewe unaishia kwenye ada za watoto wa marehemu kaka yake. Nikimwambia akiri ushindi, anakaa kimya au anaenda kulala. Mwenzangu mmoja amesema huenda tumefungiwa nira isiyo sawa. Nafikiria kwenda kukaa kwa dada yangu mpaka Mungu amguse. Nifanyeje? – Mshindi Aliyefungwa

SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa uchovu. Kufika mwisho wa mwezi mkono mtupu kunachosha, na sitakudanganya kwamba umaskini ni utakatifu. Pole yangu inaishia hapo.

Nimeirudia barua yako nikimtafuta huyo mume mwoga, sijamwona. Nimemwona mtu mwingine kabisa. Unasema mwenzake "alisaini tu zile karatasi". Karatasi zipi, bibie? Anayepandishwa cheo kwa haki husaini barua ya kazi, basi. Wewe umeandika "zile", kama mtu anayezijua vizuri. Stoo ndipo mali inapoweza kuingia kwenye daftari bila kuingia mlangoni, na karani ndiye anayeweka sahihi kwamba ameiona. Sina ushahidi, nina barua yako tu, lakini nadhani mumeo aliombwa kusaini kitu ambacho macho yake hayakukiona, akakataa. Na nadhani nawe unajua.

Kama ndivyo, basi huo ushindi unaokesha ukiuombea umelala kitandani mwako tangu mwaka juzi, na wewe unamwamsha usiku umwambie akiri.

Fungua Mwanzo 39. Yusufu ameuzwa na ndugu zake, ni mtumwa katika nyumba ya Potifa, hana hata shati analoweza kuliita lake. Hapo hapo, kabla ya ikulu, kabla ya pete ya Farao, Biblia inasema Bwana alikuwa pamoja naye, naye akawa mtu wa heri. Mtumwa! Kisha anamkataa mke wa bwana wake, na malipo ya kukataa kwake yanakuwa gereza. Wala hakutoka wiki iliyofuata. Alikuwa na miaka 17 habari yake inapoanza, na miaka 30 aliposimama mbele ya Farao. Humo gerezani Neno linarudia lile lile, kwamba Bwana alikuwa pamoja naye na kuyafanikisha aliyoyafanya. Angekuwa mumeo, ungeshamtaja kwenye kikundi kwamba amefungwa na roho ya kushindwa, na wenzako wangemwekea mikono.

Mtaniambia, "Lakini Shangazi, mwishowe alitawala." Ndiyo, alitawala. Lakini wapo walioamini vile vile na hawakutawala chochote. Waebrania 11 inawasifu walioepuka makali ya upanga, ukisogea mistari michache inawasifu waliouawa kwa upanga. Sura moja, imani moja. Mhubiri anayekusomea nusu ya kwanza na kufunga kitabu anakupunja.

Na hilo neno "mshindi" ulilojipa kama jina, umewahi kuangalia Kristo analitumiaje? Katika Ufunuo anayaandikia makanisa saba, na kila barua ina ahadi kwa "yeye ashindaye". Kanisa la Smirna ni maskini, lina dhiki, baadhi yao wanakaribia kutupwa gerezani. Kristo anawaambia anaujua umaskini wao, lakini ni matajiri, na halaumu chochote kwao. Laodikia ndio wenye ushuhuda wa kusimama nao mbele za watu: sisi ni matajiri, hatuhitaji kitu. Hao anawaita wanyonge, maskini, vipofu na uchi. Sasa niambie, kikundi chenu kingewapa kipaza sauti akina nani?

Nakubali, Mungu hubariki kwa mali pia. Ibrahimu alikuwa nazo, Ayubu alirudishiwa maradufu. Atakayekwambia gari ni dhambi, mwache aendelee kutembea kwa miguu. Ila ushindi ambao Injili imeujengea msingi ni dhidi ya dhambi, hofu na mauti. Mtu aliyewekewa cheo mezani akakataa kuuza jina lake, amemshinda adui ambaye wengi wetu tunamkaribisha chai. Tena mstari mnaoupenda, "Nayaweza mambo yote katika yeye anitiaye nguvu", Paulo aliuandika akiwa kifungoni, na mstari wa nyuma yake unazungumzia kushiba na kuona njaa. Alikuwa anasema anaweza kuvumilia. Someni na wa nyuma yake.

Tuje kwenye mbegu. Umeandika "ananinunia kwa sababu ya mkopo" kana kwamba mkopo ulidondoka wenyewe kutoka mawinguni. Nani alikopa? Mumeo alijua lini? Nani anakatwa mshahara? Umeyaruka hayo yote, na mtu anaporuka jambo kwenye barua, mimi ndipo ninapotia kidole. Daudi alipotaka kujenga madhabahu, Arauna, mwenye uwanja, alitaka kumpa bure uwanja huo na ng'ombe. Mfalme akakataa, akalipa shekeli 50 za fedha, akisema hatamtolea Mungu sadaka isiyomgharimu. Wewe umetoa sadaka iliyomgharimu mumeo, kisha unamlaumu kwa kutoifurahia.

Kuhusu unabii wa mwaka wa kuvuka, kasome Yeremia 28. Watu wamepelekwa uhamishoni Babeli, anasimama nabii Hanania na kutangaza kwamba ndani ya miaka miwili kongwa litavunjwa na kila kitu kitarudi. Bila shaka makofi yalipigwa. Yeremia akawaandikia barua yenye habari isiyopendeza: miaka 70. Jengeni nyumba, pandeni bustani, oeni, uombeeni amani mji mlikopelekwa. Mstari wa 29:11 unaosema Mungu anatuwazia mawazo ya amani, ule mnaouweka kwenye kila picha ya simu, umo ndani ya barua hiyo hiyo, mara tu baada ya miaka 70 kutajwa. Hanania alikufa mwaka ule ule.

Wanandoa wa siku hizi mmenishinda tabia. Zamani mke alimlinganisha mume na baba yake mzazi, na vita viliishia sebuleni. Leo mnamlinganisha na picha za waume za watu ambao hamjui hata wanalalaje. Unaona gari, huoni barua ya benki. Unaona nyumba inapanda, humwoni mwenye nyumba anavyoshtuka simu ikilia kutoka ofisini. Nyumba njema si mlango, wahenga walisema, lakini nyie mmegeuza ndoa nzima kuwa mlango. Na wanaume nao hawajambo. Wapo wanaotaka mke wa kuonyeshwa kanisani, wakifika nyumbani hawamsemeshi. Hata maombi yamekuwa mashindano. Mtu anaomba kwa sauti jambo ambalo anataka mumewe alisikie kupitia ukutani. Hiyo si sala, hiyo ni kusengenya huku umefumba macho.

Hebu irudie barua yako uhesabu. "Wenzangu" wapo, "mwenzangu mmoja" yupo, kikundi kipo. Yesu hayupo popote. Kinachokuuma si kwamba mumeo ameshindwa, ni kwamba ikifika zamu ya ushuhuda wewe unakaa. Na cha kushangaza, unao. Una mume anayewasomesha yatima wa kaka yake kwa mshahara wa karani. Yakobo anaiita hiyo dini safi. Wewe umeilalamikia kwamba inamaliza mshahara. Aliyekuambia mmefungiwa nira isiyo sawa amesema kweli bila kukusudia, ila amekosea ni nani kati yenu anayeyumba.

Mumeo naye nina neno lake, fupi. Kunyamaza na kwenda kulala si jibu. Alipokataa kile cheo angekukalisha chini akakueleza, maana hasara ile ilikuwa yenu wote wawili. Ingawa najiuliza, angekueleza akianzia wapi, wakati kila neno lake lilishaitwa kukiri kushindwa kabla halijatoka mdomoni.

Kwa dada yako usiende. Usiache mbachao kwa msala upitao, na huo msala wenyewe hata hujauona, umesimuliwa tu. Kaa nyumbani umuulize zile karatasi ziliandikwa nini, na akianza kueleza usimkatize kwa mstari wa Biblia. Muombe radhi kwa mkopo, kwa maneno ya kawaida, bila kutaja shetani alivyokudanganya. Ulitoe deni hilo mabegani mwake, hata kama utaanza na kidogo: uza kitu, fanya kazi ya mikono, acha kuchangia sare za kikundi kwa muda. Jina lake usilipeleke tena kwenye maombi ya pamoja. Wakikuuliza anaendeleaje, sema hajambo.

Na ukiona unahitaji kuniandikia tena, barua ijayo mwachie yeye aandike.