Mashine Inayokubali Kusema Sijui

Barua za mwezi huu karibu zote zinauliza habari za mashine zinazosoma vinasaba vya vijidudu kwenye makohozi na damu. Nimeziunda, nimezifungua na nimezilaani kwa miaka mingi hapa Kisumu, kwa hiyo najibu kama fundi. Ya dawa mwulizeni daktari.

Kijana wangu alipimwa kifua kikuu. Makohozi yalitiwa kwenye kikopo cha plastiki, kikopo kikaingizwa kwenye mashine, na baada ya saa mbili hivi wakasema hana. Kikopo kile kina nini hata kiaminiwe namna hiyo? (Mama, Mumias)

Pole kwa wasiwasi, mama. Kikopo kile huitwa katriji, na mashine bila shaka ni GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliidhinisha kwa kifua kikuu Desemba 2010. Ukikipasua (usijaribu, kina makohozi ya mtu) utakuta vyumba vidogo vya dawa vimepangwa kuzunguka vali moja. Katikati kuna pistoni kama ya bomba la sindano. Vali inageuka ielekee chumba hiki, pistoni inavuta. Inageuka ielekee kile, pistoni inasukuma. Mitetemo ya sauti inapasua vijidudu, vinasaba vyao vinachanganywa na dawa kavu, kisha mchanganyiko unasukumwa hadi kwenye kijumba chembamba cha nyuma, nako unapashwa moto na kupozwa mara nyingi ili vinasaba vinakiliwe. Mashine yenyewe haiguswi na tone hata moja. Kila kilichoingia kwenye katriji hutupwa pamoja nayo.

Sasa hilo la kuaminiwa. Kiwandani hutiwa ndani ya katriji mbegu za bakteria mwingine asiye na madhara, Bacillus globigii. Mbegu hizo hupitia njia ile ile: kuoshwa, kupasuliwa, kunakiliwa. Mashine isipoona kifua kikuu lakini ikaziona mbegu zake, inasema hana. Isipoona chochote, hata mbegu zake yenyewe, inajua kwamba kazi iliharibika mahali fulani, na inasema jibu ni batili. Kwa hiyo kijana wako alipoambiwa hana, mashine ilikuwa imeshajikagua. Kitu ambacho haiwezi kujua ni kama alikohoa kutoka kifuani au alitema mate tu. Kikohozi kisipoisha, mrudishe.

Mashine yetu hutoa "batili" na "hitilafu" mara kwa mara, na wagonjwa wanadhani tunawazungusha. Hamwezi kuunda isiyo na hitilafu? (Mtaalamu wa maabara, Siaya)

Tunaweza, tena kwa siku moja. Tungeondoa ukaguzi wote, na mashine ingejibu "hana" kila ilipokwama. Wagonjwa wangefurahi sana.

Ninavyoona mimi, ugumu wa kuunda vifaa hivi hauko katika kupata jibu. Uko katika kuifanya mashine itambue kwamba haina jibu. Sehemu kubwa ya programu tunazoandika ni masharti ya kukataa: shinikizo likipanda kupita kiasi, simama, mng'ao wa dawa zilizo kwenye katriji usipokuwa wa kawaida kabla ya kuanza, simama, joto lisipofika kwa wakati, simama. Mtu wa mauzo huichukia sehemu hiyo. Mimi ningeilinda kwa rungu.

Kwako wewe, dada au kaka, anza kwa kuandika daftari. Hitilafu zikifuata nafasi moja ya kuingizia katriji, tatizo ni nafasi hiyo, mwite fundi. Zikifuata zamu ya mtu mmoja, mfundishe tena. Zikifuata sampuli za zahanati moja, huenda makohozi yao ni mazito na hayalainishwi vya kutosha. Dawa ya kulainisha inataka vipimo viwili kwa kimoja cha makohozi, itikiswe, ikae dakika 15 kamili; si dakika saba kwa sababu foleni imefika mlangoni. Halafu tazama kipimajoto cha ukutani. GeneXpert imeundwa kwa chumba cha nyuzi 15 hadi 30, na mchana wa Februari huku kwetu chumba chenye paa la mabati huzidi nyuzi 30.

Nataka kuunda mashine ya PCR, ile ya kunakili vinasaba (DNA), kama mradi wa mwaka wa mwisho. Ni kigae cha Peltier na kompyuta ndogo tu, sivyo? (Mwanafunzi, Njoro)

Mwanangu, hilo "tu" litakula muhula wako wote.

Kazi yenyewe husemwa kwa sentensi moja: pasha hadi nyuzijoto 95 ili nyuzi mbili za DNA ziachane, shusha hadi karibu 60 vianzio (vipande vifupi vya DNA vinavyoonyesha pa kuanzia) vishike, pandisha hadi 72 kimeng'enya kinakili, rudia. Kila mzunguko unazidisha nakala mara mbili, kwa hiyo mizunguko 30, mambo yakienda sawa, hutoa zaidi ya nakala bilioni moja kutoka kwa moja. Kigae cha Peltier kinapasha ukikitia umeme upande huu na kupoza ukiugeuza. Lakini vile vya bei nafuu, vinavyowekwa kwenye friji ndogo za gari, havikuundwa kwa kupanda na kushuka. Piga hesabu: mizunguko 40, mara nne kwa siku, siku 250, ni mizunguko 40,000 kwa mwaka. Lehemu ya ndani inapasuka. Tafuta vigae vilivyotengenezwa kwa kazi ya mizunguko. Kihisio cha joto nacho kisipime kitalu cha alumini kinachoshika vijichupa peke yake, maana maji yaliyo ndani ya kijichupa huchelewa nyuma ya alumini.

Kisha kuna jambo ambalo vitabu vingi havitakuambia, kwa sababu vimeandikwa na watu wanaoishi karibu na usawa wa bahari. Kifaa changu cha kwanza nilikijaribu nyumbani Kisumu, mita kama 1,130 juu ya bahari, kikafanya kazi vizuri. Nikakipeleka Nakuru kuwaonyesha watu. Vijichupa vikakauka mbele ya wageni. Nilitafuta kosa kwenye programu usiku kucha, hadi mwenyeji wangu alipolalamika kwamba maharagwe ya Nakuru hayaivi upesi. Nakuru iko mita kama 1,850, na huko maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi. Mimi nilikuwa nayapasha hadi 95 chini ya vifuniko vilivyolegea! Kisumu, ambako hayachemki hadi yakaribie 96, kosa langu lilikuwa limejificha. Njoro iko juu zaidi ya Nakuru mjini. Weka kifuniko chenye moto kuliko kijichupa, karibu nyuzi 105, kikandamize kwa nguvu, na mvuke hautapata pa kutua wala pa kutokea. Hewa nyepesi ya huko pia hupoza vibaya, kwa hiyo ongeza feni.

Ukitaka ushauri wangu wa kweli, achana na PCR kwa sasa, uunde kifaa cha LAMP, njia nyingine ya kunakili vinasaba. Njia hiyo ilielezwa na Wajapani mwaka 2000, na inafanya kazi kwenye joto moja, nyuzi 60 hadi 65. Hakuna kushuka, hakuna kigae kupasuka. Katika ufundi wetu mara nyingi kemia ndiyo inayokuondolea vyuma. Kampuni ya Cetus ya Marekani, ambako Kary Mullis alibuni PCR mwaka 1983, iliunda mashine yenye mkono wa kuongeza kimeng'enya kila mzunguko, maana joto lilikuwa linakiua. Wakaiita Mr. Cycle. Kisha wakaanza kutumia kimeng'enya cha bakteria wa chemchemi za moto za Yellowstone, mazingira kama yale ya Ziwa Bogoria hapo jirani yako, kisichokufa kwa joto. Mkono ule ukakosa kazi.

Kwa nini maabara ya PCR inadai vyumba vitatu? Sisi tuna kimoja. (Mhadhiri wa chuo, Kakamega)

Kwa sababu ya ile bilioni ya nakala. Ukifungua kijichupa kilichokwisha kunakiliwa, tone lisiloonekana hurukia meza, na kesho sampuli ya maji matupu inasema ina ugonjwa. Vyumba vitatu ni njia ya upande mmoja: dawa, sampuli, nakala, na koti lako halirudi nyuma. Mwenye chumba kimoja asifungue kijichupa baada ya kunakili. Asome mng'ao wa dawa iliyo ndani kupitia kifuniko. Kuna pia hila ninayoipenda: nakala hutengenezwa kwa herufi U badala ya T, mojawapo ya herufi nne za DNA, na kabla ya kila kazi mpya kimeng'enya kingine hula chochote chenye U. Cha jana kinaliwa, cha mgonjwa kinabaki.

Stima ikikatika katikati ya kazi? (Fundi wa redio, Kondele)

Kazi hiyo imekufa, anza upya. Weka UPS (betri ya akiba) inayotosha saa mbili, si ya dakika kumi za kuzima kompyuta, na usiichomekee friji.

Roboti za kupima zitatufukuza kazi? (Mfanyakazi wa maabara, Busia)

Zitafukuza maumivu ya kidole gumba. Sahani ya vijitundu 96, kwa pipeti ya mkono, mara tano kwa siku, naijua. Roboti inafanya hivyo bila kuchoka, lakini ikikuta kuganda kwa damu inaweza kuvuta hewa na kuendelea, isipokuwa tumeiwekea kihisio cha shinikizo. Uliza kuhusu hicho kihisio kabla ya kununua.

Mashine yetu hupiga kelele jioni na kuzimika. Asubuhi ni nzima. (Muuguzi, ufukweni mwa ziwa, Homa Bay)

Fungua kichujio cha nyuma. Niliitwa kliniki moja ya ufukweni kwa tatizo hilo hilo, nikatoa wale nzi wadogo wa ziwa kiasi cha kujaza kikombe, wanafuata taa. Zima taa ya upande wa ziwa, weka wavu mwembamba dirishani, na kichujio kioshwe kila wiki wakati wa nzi. Hakikisha kimekauka kabla ya kukirudisha.