Wasomaji Wanauliza: Neno "run" Lina Maana Ngapi?

SWALI: Bwana Mhariri, ninauza vitenge hapa Kadutu, mjini Bukavu, na mzigo wangu hutoka Kampala. Muuzaji wa huko ameniandikia kwa Kiingereza: "We have run out of the green. The red may run." Kamusi yangu ndogo inasema "run" ni kukimbia, nami sijaona kitenge kikikimbia. Neno hili lina maana ngapi, na sisi tuliosoma kwa Kifaransa tulishike vipi?

JIBU: Mama, kitenge cha kijani kimewaishia, na chekundu huenda kikachuja rangi kikifuliwa. Hilo la pili ulichunguze kabla hujalipa: lowesha kipande cha sampuli, kifinye ndani ya kitambaa cheupe, utazame kama kimeacha alama.

Kuhusu idadi ya maana, Kamusi ya Kiingereza ya Oxford, katika toleo lake la pili la mwaka 1989, ilikipa kitenzi "set" nafasi ya kwanza, kwa maana zipatazo 430. Baadaye wahariri waliliandika upya ingizo la "run", na ilipofika mwaka 2011 ikajulikana kwamba kitenzi hicho peke yake kimefikisha maana 645, bila kuhesabu matumizi yake kama nomino. Hakuna Mwingereza anayezijua zote kichwani, wala wewe huzihitaji. Sisi wenyewe tunapiga simu, tunapiga picha, tunapiga pasi na kupiga magoti, na hakuna anayepigwa.

Shina la maana zote hizo ni mwendo usiokatika. Mtu hukimbia kwa miguu. Mto nao, kama Ruzizi unavyotoka Ziwa Kivu kwenda Tanganyika, kwa Kiingereza husemwa kuwa "runs". Pua yenye mafua vilevile. Zilipokuja injini na reli, neno likapandishwa humo: mashine ikifanya kazi, "it runs", na treni ikifuata ratiba, "it runs" pia. Kutoka hapo si mbali kufika kwenye duka, kwa kuwa anayelisimamia "runs a shop", nasi tumepita njia iyo hiyo tulipotoa kuendesha katika kwenda. Mmarekani anayegombea cheo "runs", ilhali Mwingereza mara nyingi husema "stands".

Hatari kubwa, kwa maoni yangu, imo katika vineno vidogo vinavyofuata. "Run out of" ni kuishiwa, "run into" ni kukutana na mtu bila kutarajia au kugonga kitu, na "run over" ni kumkanyaga mtu kwa gari. Anayejifunza "run" peke yake na kuviacha hivyo atapotea kila siku.

Kifaransa kitakusaidia nusu. "Courir un risque" ni "run a risk" neno kwa neno, lakini maji ni "couler", injini ni "tourner" au "marcher", na duka ni "tenir". Kwa hiyo ukifungua kamusi ya Kiingereza na Kifaransa, usiishie kwenye "courir" iliyo juu. Shuka hadi chini ya ingizo, ambako "run out" huandikwa pamoja na kineno chake.