VAT ikibadilika, anza na mauzo yaliyo katikati

Wenye maduka wengi wakisikia kiwango cha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) kinabadilika, kitu cha kwanza wanachokimbilia ni bei za rafuni. Mimi huwaambia bei zingoje. Kinachokula pesa za mfanyabiashara ni mauzo yaliyoanza kabla ya tarehe ya mabadiliko na kumalizika baada yake.

Duka letu ni la vifaa vya ujenzi, huku Likoni, Mombasa. Mnamo 25 Machi 2020 serikali ilitangaza kuwa VAT itashuka kutoka asilimia 16 hadi 14, na Aprili mosi ikawa imeshaanza. Wiki moja tu! Mwisho wa mwaka huo kiwango kikarudishwa kilipokuwa, na tarehe 1 Januari 2021 tukaamkia asilimia 16 tena. Kwa hiyo usitegemee kupewa miezi ya kujipanga. Maandalizi yawe ni mazoea ya kila siku, siku ikifika uwe unamalizia tu.

Katika kuamua kiwango cha kutoza, sheria ya VAT ya Kenya haiangalii siku karani alipopata nafasi ya kuandika ankara. Inaangalia kilichotangulia: mzigo kufika kwa mteja, ankara kutolewa, au malipo kupokelewa, yawe yote au sehemu. (Kwa wakandarasi kuna pia cheti cha msanifu au mpimaji.) Chukua mteja wa Ukunda aliyepelekewa mabati tarehe 30 Desemba 2020, akatia sahihi ya kupokea mzigo, ankara ikabaki ya kuandikwa baada ya sikukuu. Januari mashine ya risiti inasoma 16, lakini mauzo yale ni ya Desemba, ya asilimia 14. Ukimtoza 16 atalalamika, na ana haki.

Dawa yake si ngumu. Jioni ya 31 Desemba tulikaa na karani, kitabu cha mizigo iliyotoka mezani, tukapitia ukurasa kwa ukurasa. Kila mzigo uliotiwa sahihi na mteja ukaandikiwa ankara palepale. Ilibidi tufanye haraka maana kafyu ya korona ilikuwa inaanza saa nne usiku na karani anakaa ng'ambo, sharti awahi feri. Fanya hivyohivyo kwa upande wa manunuzi: mzigo ulioingia stoo kwako kabla ya tarehe, mdai msambazaji ankara yake mapema, yenye PIN yako ya kodi na kiwango sahihi. Na mteja akirudisha mali Januari aliyoinunua Desemba, hati ya kumrudishia pesa inafuata asilimia 14 aliyotozwa, si kiwango kipya.

Sasa bei. Kitu kilichouzwa shilingi 1,140 pamoja na VAT ya asilimia 14 kina thamani ya 1,000. Kwa asilimia 16 kitauzwa 1,160. Nimeona watu wakiongeza asilimia mbili juu ya bei ya rafuni, wanapata 1,162.80. Njia ni kugawa kwa 1.14, kisha kuzidisha kwa 1.16. Ukiamua kuiacha bei palepale 1,140 ili usimkere mteja, wewe unabaki na 982.76, yaani shilingi 17 na ushei zimetoka mfukoni mwako. Kama faida yako kwenye kitu hicho ni shilingi 60, zaidi ya robo imekwenda. Kuna bidhaa unazoweza kuzibeba hivyo kwa muda. Simiti haibebeki, faida yake ni nyembamba mno.

Kwa makadirio ya bei unayowapa wateja, hasa makandarasi na shule, andika bei bila VAT, na chini yake neno kwamba VAT itatozwa kwa kiwango kitakachokuwepo siku ya mauzo. Mstari huo mmoja umetuepushia mabishano mengi kuliko kitu kingine chochote.

Jambo ambalo halizungumzwi sana ni pesa taslimu za mwezi wa kwanza. Tuseme Desemba ulinunua mali ya milioni moja, ukalipa VAT 140,000 na kuidai katika ritani ya Desemba, yaani kuipunguza kwenye VAT unayodaiwa. Januari ukaiuza milioni moja na laki mbili: unadaiwa VAT 192,000, na kama hukununua mali mpya mwezi huo, huna cha kupunguza. Hiyo yote inatakiwa kufikia tarehe 20 Februari, na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haingoji shule ikulipe deni lake. Hasara si hasara, maana wateja ndio wanaoilipa, lakini kama wamekopa, wewe ndiye unayetangulia kutoa. Sisi tuna akaunti ya pembeni ya VAT, na kila Ijumaa tunahamishia humo.

Duka lisilosajiliwa kwa VAT, lililo chini ya mauzo ya milioni 5 kwa mwaka, lina hesabu nyingine kabisa. Halina pa kuidai VAT linayolipa kwenye manunuzi, kwa hiyo asilimia mbili zikipanda ni gharama tupu. Kwa duka la namna hiyo, kujaza stoo kabla ya tarehe kuna maana, ila wanunue vitu vinavyotoka haraka.

Fundi wa mashine ya risiti mpigie mapema, aibadilishe kiwango. Siku zile za ETR, mashine za risiti za kodi, kila duka lilikuwa likimtafuta mtu yuleyule.

Mfumo wenyewe wa ankara ukibadilika, kazi inahamia kwa watu unaonunua kwao. eTIMS, mfumo wa KRA wa ankara za kielektroniki, ilipokuja, na tangu Januari 2024 gharama isiyo na ankara ya eTIMS ikawa haikubaliki katika hesabu za kodi ya mapato, mashine haikutusumbua hata kidogo. Tatizo lilikuwa watu wa mchanga na kokoto, wenye lori moja, wasiotaka hata kusikia neno KRA. Tuliwaita mmoja mmoja, tukakaa nao na simu zao mpaka wakasajiliwa. Wawili walikataa katakata. Mmoja alirudi baada ya kukosa wateja wengine pia, na yule wa pili hatununui kwake tena.