Uchawi Wako Unalipiwa na Nani?

Mwandishi mwenzangu akinionyesha mswada wenye wachawi ndani yake, huwa nauliza kwanza: huyu akiwasha pori kwa neno moja, moto umetoka wapi? Wengi hunijibu kwa maneno mazito: mitetemo, mawimbi, kwanta, nguvu za kale. Yanasikika kama sayansi, ila ukiyafuta yote ukaandika "ikawa hivyo", hadithi haibadiliki hata sentensi moja. Mimi hupima maelezo kwa namna nyingine. Yakimzuia mhusika kufanya jambo analolihitaji kufa na kupona, nayaweka. Yasipomzuia, nayatupa.

Mahali pazuri pa kuanzia ni nishati. Tangu mwanafizikia James Joule afanye majaribio yake miaka ya 1840, tunajua kazi hugeuka joto kwa kipimo maalumu, na kwamba nishati haizuki pasipo na kitu. Hesabu zake ni za sekondari, lakini majibu yake hushangaza. Mchukue mchawi wa kilo 70. Kujiinua mita 10 angani, yaani karibu ghorofa tatu, kunagharimu kama kilojouli 7 (kilojouli ni kipimo cha nishati). Kuchemsha lita moja ya maji, kutoka nyuzi 20 hadi 100, kunagharimu takriban kilojouli 335. Kwa hiyo kupaa, ambako waandishi hukuwekea wachawi wakuu wa sura za mwisho, ni rahisi karibu mara 50 kuliko kuchemsha sufuria ya maji! Katika hadithi zangu wanagenzi ndio wanaopaa. Moto ni wa wazee.

Sasa tuseme nishati hiyo inatoka mwilini mwa mchawi. Gramu moja ya mafuta ina kilojouli 37 hivi, kwa hiyo lita ile ya maji ingemla gramu tisa tu. Rahisi mno, utasema. Lakini misuli ya binadamu hutumia kama robo tu ya nishati inayochoma kwa kazi yenyewe, na inayobaki hugeuka joto ndani ya mwili. Uchawi ukiwa na hasara hiyohiyo, kilojouli 335 zinazotoka zitaacha nyuma kama 1,000 ndani yake. Mwili wa kilo 70 hupanda nyuzi moja kwa kila kilojouli 245 hivi. Gawanya: nyuzi nne, kutoka 37 hadi 41. Lita moja ya maji, na mchawi wako anaweweseka kwa homa. Lita ya pili akiichemsha papo hapo, andaa sanda.

Kuanzia hapo hadithi hujiandika. Wachawi hawa watarogea mtoni, maji yakiwafika shingoni. Watapigana usiku na kuliogopa jua la mchana. Adui asiye na uchawi wowote atawashinda kwa kuwafungia tu katika chumba chenye joto. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo nilichokipamba. Vyote vimetoka kwenye kugawanya.

Wapo wasiopenda mchawi anayetokwa jasho, na mimi mwenyewe siku nyingine simpendi. Njia mbadala ni kuvuta joto lililopo tayari. Chumba cha ukubwa wa kawaida, kama mita 28 za ujazo, kikipoa kwa nyuzi 10 kinatoa takriban kilojouli 335, zilezile za lita yetu. Tatizo ni kwamba joto halitoki penye baridi kwenda penye moto bila kusukumwa, na kusukuma ni gharama nyingine. Hapa ndipo unapohitaji uongo wako. Nasema uongo mmoja, kwa makusudi, kwa sababu msomaji anayejua fizikia atakusamehe kanuni moja uliyoivunja waziwazi kuliko kumi ulizozikwepa kimyakimya.

Bahati nzuri, mwanafizikia mmoja alishakuonyesha pa kuivunjia. Mwaka 1867 James Clerk Maxwell alimwazia kiumbe mdogo sana anayelinda kilango kati ya vyumba viwili vya hewa. Molekuli yenye kasi anaipitisha huku, ya polepole kule. Baada ya muda chumba kimoja kina joto na kingine kina baridi, na hakuna aliyesukuma kitu. Wanafizikia walimwita pepo, kwa hiyo nusu ya kazi yako wamekwisha kuifanya wao. Mpe mchawi uwezo huo na umepata moto, barafu na upepo kwa kanuni ileile.

Kinachonipendeza zaidi ni bei yake. Mwaka 1961 mwanafizikia Rolf Landauer alieleza kwamba kufuta taarifa lazima kutoe joto, na mwaka 1982 mwenzake Charles Bennett akatumia hoja hiyo kumkamata pepo wa Maxwell: kiumbe yule lazima akumbuke alichokiona kwa kila molekuli, kumbukumbu yake itajaa, na siku ya kuifuta atalilipa lile joto lote alilodhani amelikwepa. Wewe ukiandika hadithi, soma hapo tena. Mchawi anayelipa kwa kumbukumbu! Kila anachoroga kinamjaza kichwa kwa mambo yasiyo na maana, na kusahau kunamuunguza. Sijaona mwongozo wa uandishi wenye wazo zuri kama hilo.

Mengine nayapitia haraka. Asiyeonekana kwa sababu mwanga unampita moja kwa moja ni kipofu, maana hakuna mwanga unaobaki machoni pake. Anayetoweka kwenye ikweta na kuibuka kwenye latitudo ya 60 anabeba kasi ya dunia ya kule alikotoka, mita 465 kwa sekunde, wakati ardhi ya huku inakwenda nusu ya hiyo. Atarushwa kuelekea mashariki kwa zaidi ya kilomita 800 kwa saa. Joka linalotema moto halina shida kubwa: kuna mbawakawa ambaye tayari huchanganya kemikali tumboni na kumrushia adui majimaji yenye joto la karibu nyuzi 100.

Haya yote yakae kwenye daftari lako. Wahusika wasiyajue, au bora zaidi, wayajue vibaya. Mwaka 1774 Joseph Priestley alipata gesi tunayoiita leo oksijeni, na akaieleza kwa nadharia ya flojistoni, kitu kilichodhaniwa kutoka ndani ya kila kinachoungua, ambayo haikuwa kweli. Gesi ilikuwa halisi vilevile. Katika riwaya ninayoiandika sasa, wachawi wa moto hufunga siku kadhaa kabla ya kuroga, kwa imani kwamba njaa husafisha nguvu. Mimi ninajua nguvu yao ni akiba ya mwili. Wao hawajui, na kila anayekufa akiwa amefunga humtangaza mtakatifu, kisha wanagenzi wake huongeza siku za mfungo.